Darubini za angani hazikurushwa kulikaribia jua

Hapa Mombasa nasikia sana watu wakisema ati darubini za jua zilipelekwa angani ndo zilione kwa karibu, sio kweli jamani. SOHO, ile waliyorusha watu wa Ulaya na Marekani 1995, iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, utaona ni mbali lakini jua lenyewe liko kama milioni 150 kwa hivyo imesogea asilimia moja tu. SDO, darubini nyingine ya jua ya 2010, ndo kabisaa, inazunguka dunia hii hii, kama kilomita 36,000 juu.

Zilipelekwa huko kwa sababu shida ni hewa. Miale ya eksirei na sehemu kubwa ya ile ya altravaioleti huishia huko juu kwenye angahewa, hazifiki Nyali wala Likoni hata jua liwake vipi (na alhamdulillahi, zingetuumiza), na hiyo miale ndo inayoonyesha vizuri ile gesi ya joto la digrii zaidi ya milioni moja iliyolizunguka jua, sasa ukiwa huku chini hata ununue darubini ya bei gani hutaipata. Tena SOHO haijui mawingu wala usiku.

Iliyosogea kweli ni Parker Solar Probe, chombo cha angani cha Marekani, Desemba 2024 ilifika kilomita milioni 6.1 kutoka kwa jua, lakini hata hiyo kamera zake zinatazama pembeni, sio jua lenyewe.