Root na sudo: mamlaka ya msimamizi kwenye Linux

Katika Linux kuna watumiaji wa kawaida, na kuna root. Root ni akaunti yenye namba ya utambulisho 0. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inapoiona sifuri hiyo, huacha karibu ukaguzi wote wa ruhusa: root husoma faili la yeyote, hufuta programu yoyote, hufuta hata diski nzima. Mfumo hauna desturi ya kumuuliza kama ana hakika.

Sudo ni programu inayokukopesha uwezo huo kwa amri moja tu, kisha unabaki mtumiaji wa kawaida kama ulivyokuwa. Iliandikwa mnamo 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer, katika chuo kikuu cha jimbo la New York kilichoko Buffalo. Ukitumia su, amri ya zamani zaidi, unalazimika kujua nywila ya root. Kwa sudo unaandika nywila yako mwenyewe, na mfumo unaweka kumbukumbu ya nani aliendesha amri gani na saa ngapi. Kwenye Ubuntu, moja ya matoleo ya Linux, nywila ya root imefungwa tangu mwanzo, na mtumiaji wa kwanza anayeundwa wakati wa kusakinisha huingizwa kwenye kundi liitwalo sudo. Fedora, toleo jingine, hulitumia kundi la wheel kwa kazi hiyohiyo.

Mgeni hushtuka kuona kwamba anapoandika nywila, hakuna kinachoonekana, hata nukta. Ndivyo ilivyo kwa matoleo mengi ya Linux. Endelea kuandika, kisha bonyeza Enter. Jambo zito zaidi ni kwamba sudo hukukumbuka kwa muda (Ubuntu huweka dakika 15), hivyo amri inayofuata hupita bila kuulizwa nywila. Ukimaliza kazi ya usimamizi, andika sudo -k ili usahaulike mara moja.

Sasa nije kwenye kosa ninalotamani kila mgeni aliepuke: kuifanya sudo dawa ya kila kinachokataa. Amri imegoma, terminali (dirisha la kuandikia amri) imeandika "Permission denied", yaani ruhusa imekataliwa, basi mtu anairudia ileile akitanguliza sudo. Lakini jibu lile ni taarifa. Linakuambia kwamba faili unaloligusa si lako, au njia (anwani ya faili) uliyoandika siyo uliyoikusudia. Andika kwanza ls -l uone mwenye faili ni nani. Kama faili limo ndani ya folda yako ya nyumbani, mara nyingi sana sudo haihitajiki. Ukiitumia huko, mafaili mapya yatakuwa mali ya root. Kesho programu yako itashindwa kuhifadhi mipangilio yake, utaongeza sudo tena, na tatizo litazidi kuenea. Tiba ni kurudisha umiliki wa folda hiyo moja kwa amri ya chown.

Usikimbilie chmod -R 777 pia, amri inayompa kila mtu ruhusa zote kwa folda na vyote vilivyomo, ushauri unaozagaa mno mtandaoni. Ukiifanyia folda ya /etc, yenye mipangilio ya mfumo, sudo yenyewe itagoma kufanya kazi, kwa sababu haikubali kusoma faili lake la kanuni ikiwa kila mtu anaweza kuliandika upya. Na ina haki kabisa kukataa.

Amri unayoinakili kutoka kwa mtu mwingine isome neno kwa neno kabla ya kuipa sudo, hata anayeitoa akiwa mtu mwema. Mwaka 2011 mradi wa Bumblebee, uliohusu kadi za michoro za NVIDIA kwenye kompyuta za mkononi, ulitoa hati ya usakinishaji yenye nafasi moja iliyozidi katika amri ya rm -rf, inayofuta folda na vyote vilivyomo bila kuuliza: baada ya /usr kukaja nafasi, kisha sehemu iliyobaki ya njia. Kwa hiyo rm ikasoma njia mbili, na ya kwanza ilikuwa folda ya /usr nzima, makazi ya programu nyingi za mfumo. Bila mamlaka ya root, kosa hilo lingeishia kwenye ujumbe wa kukataliwa.

Sudo inastahili pale unapobadilisha kitu cha mfumo mzima: kusakinisha au kusasisha programu, kuwasha upya huduma, kuhariri mafaili ya /etc. Kutazama tu mara nyingi hakuihitaji. Apt search (kutafuta programu) na systemctl status (kuangalia hali ya huduma) hufanya kazi bila hiyo. Kuhariri nako kuna njia bora: sudoedit hukufungulia nakala ya faili, kihariri kikaendeshwa kwa ruhusa zako za kawaida, kisha mabadiliko hurudishwa mahali pake. Faili la /etc/sudoers, lile la kanuni za sudo, pekee lina chombo chake, visudo, ambacho hukagua sarufi ya ulichoandika na kukuonya kabla hakijalihifadhi, maana kosa dogo humo laweza kukufungia sudo yenyewe.