Akipatikana kiumbe huko juu, atakuwa na mtume wake?

Swali si langu. Ni la mpwa wangu wa kidato cha tatu, na alinitupia nikiwa na tende ya pili mdomoni. Tulikuwa barazani Tanga, mwezi wa Ramadhani, uji wa pilipili manga bado unafuka. Kwenye simu yake kulikuwa na habari ya darubini ya James Webb kuchunguza hewa ya sayari fulani ya mbali, na chini yake mtu kaandika kwamba dini sasa basi. "Mjomba, si wewe unayechimba mifupa? Haya, wakipatikana huko juu, na wao watakuwa na mtume wao?"

Nilimjibu juujuu, maana njaa haina adabu. Leo nalipa deni.

Kazi yangu ni zamadamu, yaani mababu wa kale wa binadamu na jamaa zao. Msimu wa kiangazi nashinda Korongo la Olduvai nikichekecha udongo, natenga kokoto na vipande vya mifupa iliyogeuka mawe. Kipande kikiwa kidogo kama ukucha, macho hayatoshi, ndipo tunapotumia njia ya wakongwe: unakigusisha ulimi. Kokoto inateleza, mfupa una vitundu, unanata. Mwaka ambao saumu iliangukia msimu wa kuchimba, kazi hiyo niliwaachia wenzangu Wakristo, nao hawajaacha kunisimanga.

Tuanze na huko juu. Sayari ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota ya aina ya jua letu ilitangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz. Leo zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu zimepita 5,000. Mwaka 2025 watafiti wa Cambridge walisema kwamba katika hewa ya sayari iitwayo K2-18b, iliyo umbali wa miaka mwanga ipatayo 124, wameona alama za gesi ambayo hapa duniani hutolewa hasa na vijimea vya baharini. Wenzao wakazipitia data zilezile wakaona dalili ni hafifu mno. Basi, mpaka hapo hajapatikana hata mdudu.

Na akipatikana, huenda akawa mdudu kweli. Uhai duniani una zaidi ya miaka bilioni 3.5, lakini wanyama hawana hata bilioni moja. Sehemu kubwa ya muda huo wote dunia ilikuwa ya viumbe wa seli moja. Mgeni ambaye angetua hapa siku yoyote bila kuchagua, uwezekano mkubwa angekuta ukoga juu ya mawe, akaondoka zake. Wale viumbe wa sinema wenye mikono miwili na kichwa kikubwa mimi siwaamini. Umbo letu limetokana na mlolongo mrefu wa matukio ambayo yangeweza kwenda vingine, likiwemo lile jiwe la angani lililopiga Mexico miaka milioni 66 iliyopita na kuwapisha mamalia. Jicho, hilo naweza kukubali. Nenda soko la samaki umtazame pweza: jicho lake lina lenzi na mboni kama letu, na hatukurithi kwa babu mmoja aliyekuwa nalo. Kila ukoo ulilijenga kivyake. Kwa hiyo huko mbali pengine wapo wanaoona. Lakini kwamba wanakaa kwenye viti? Sidhani.

Sasa dini. Aliyeandika kwamba "zimekwisha" hakusoma. Mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alipiga marufuku orodha ndefu ya kauli za wanafalsafa, na mojawapo ilikuwa ile ya kudai kwamba Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Mwanazuoni wa Kiislamu Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki karibu mwaka 1210, alikuwa amekwisha kusema kwamba Mungu ana uwezo wa kuumba malimwengu elfu na elfu mbali na huu. Sura ya Ash-Shura, aya ya 29, inataja viumbe waliotawanywa mbinguni na ardhini, na wafasiri wameijadili karne kwa karne. Mwaka 2008 padri Mjesuiti José Gabriel Funes, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Vatikani, aliliambia gazeti la huko kwamba kuamini uwezekano wa viumbe hao hakupingani na imani.

Na sisi watu wa pwani tuna faida nyingine: majini. Mtoto wa Tanga anakua akijua kwamba wapo viumbe wenye akili ambao si wana wa Adamu, kati yao wapo waumini na wapo makafiri, na kwamba waliisikiliza Qurani wakaamini. Ipo sura nzima. Wanazuoni wa fiqhi walifika mpaka kujadili kama ndoa ya mtu na jini inaswihi. Watu waliokwisha kuvuka huko hawawezi kushtushwa na ukoga wa K2-18b.

Kwa hiyo swali la mpwa wangu halinipi shida upande wa nyota. Shida yangu iko chini, kwenye chekeche.

Ule mchoro wa kitabu cha Historia cha kidato cha kwanza, sokwe anainuka hatua kwa hatua hadi anakuwa mtu mwenye mkuki, umetudanganya. Unaonyesha foleni, kila mmoja akingoja zamu yake. Haikuwa hivyo. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu likichungulia udongoni Olduvai, mumewe Louis akiwa kambini na homa. Wakaliita Zinjanthropus, mtu wa Zinj, kwa jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu. Lina miaka kama milioni 1.75. Magego yake ni mapana kupita kiasi, na juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa ulioshikilia misuli ya kutafunia. Kemia ya meno ya jamaa zake inaonyesha walikula zaidi mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Mwaka uliofuata, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ikaanza kupatikana mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi na meno madogo. Huyo mwaka 1964 akapewa jina la Homo habilis.

Walikuwa majirani. Bonde moja, ziwa moja, zama moja. Zinj si babu yetu; ukoo wake ulikatika bila kuacha mtu. Na hali hiyo ya kuwa na wenzetu haikuishia hapo. Miaka 100,000 iliyopita dunia ilikuwa na aina kadhaa za binadamu: sisi, kisha Waneanderthali Ulaya na Asia Magharibi, Wadenisova mashariki zaidi, na wale wafupi wa kisiwa cha Flores, kimo chao kama mita moja. Kubaki peke yetu ni jambo la juzi.

Katika pango la Shanidar, kaskazini mwa Iraki, alichimbuliwa Mneanderthali mwanamume mtu mzima. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umepigwa vibaya, jicho la upande huo labda halikuona tena. Mkono wa kulia ulisinyaa na sehemu ya chini haikuwepo. Majeraha yote hayo yalikuwa yamepona miaka mingi kabla ya kufa kwake. Mtu wa hali ile, katika maisha ya kuwinda, hafiki umri ule bila mkono wa mwingine: kuna waliomgawia nyama, kuna waliomngoja wakati wa kuhama.

Je, yeye alikuwa na roho? Alikuwa na mtume? Hapa hatuulizi habari za sayari tusiyoweza kuifikia. Watu wa nje ya Afrika wamebeba vinasaba vya Waneanderthali, kama asilimia 2 hivi, maana yake walizaana. Jini unaweza kusema ni jinsi nyingine. Huyu ni shemeji.

Kanisa Katoliki limelihisi tatizo hili mapema. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili wa binadamu, akashikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na akakataa wazo la kuwa na wazazi wa kwanza wengi. Mwaka 1996 Yohane Paulo II alisema kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu. Lakini vinasaba vinaonyesha mababu zetu hawakuwahi kupungua hadi wawili katika muda tunaoweza kuupima, na hapo wanateolojia bado wana kazi. Sisi Waislamu tuna swali la malaika katika sura ya Al-Baqara, waliposhangaa ataumbwaje atakayemwaga damu katika ardhi. Baadhi ya wafasiri wakasema waliyajua hayo kutokana na majini waliotangulia. Wapo wanaoiingiza mifupa yangu katika aya hiyo. Mimi nawasihi wasifanye haraka. Mifupa inaniambia nani alitafuna nini, aliumia wapi, alipona au hakupona. Roho haiachi kisukuku, na anayedai kaiona kwenye chekeche, awe shehe au profesa, namkwepa.

Mpwa wangu nilimletea nakala ya plasta ya fuvu la Zinj siku ya pili yake. Lenyewe limo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Tuliliweka mkekani. Mama, yaani bibi yake, akatoka jikoni na sahani ya kaimati, akasimama.

"Huyu alikufa na umri gani?"

Nikamwonyesha magego ya mwisho, ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza. "Kijana tu, mama. Ndiyo kwanza anapevuka."

"Masikini. Inna lillahi."

"Bibi, mbona huyo si mtu," mpwa wangu akadakia.

"Kwani nimekuuliza wewe? Msogeze huko, watu wafuturu."