Muziki wa sauti ya mzunguko nyumbani: soko lipo, ila si pale lilipotafutwa

Dhana: Wasikilizaji walishaukataa muziki huu, ambao sauti zake humzunguka msikilizaji kutoka mbele, pembeni na nyuma.

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inawatwisha wasikilizaji mzigo usio wao. Miaka ya 1970 kampuni zilitoa santuri za chaneli nne, yaani njia nne za sauti, kila moja na spika yake, kwa mifumo isiyopatana: SQ ya CBS, QS ya Sansui, CD-4 ya JVC. Aliyenunua mtambo wa mfumo mmoja hakuzipata sawasawa chaneli nne za santuri ya mfumo mwingine, na CD-4 ilidai hata sindano ya aina yake. Muongo haukuisha kabla biashara haijafa.

Kisha kosa likarudiwa vilevile. Sony na Philips walileta diski ya SACD mwaka 1999, diski pinzani ya DVD-Audio ikaingia sokoni mwaka 2000, na mashine nyingi za mwanzo zilicheza moja tu kati ya hizo mbili. Mnunuzi makini alisubiri aone ipi itashinda. Hakuna iliyoshinda, watu walikuwa tayari wanahamia MP3. Lakini kusubiri si kukataa.

Dhana: Pasipo spika sita sebuleni, hakuna mteja.

Mpangilio wa 5.1 kweli ni mgumu: spika tatu mbele, mbili pembeni kuelekea nyuma, na sabufa, yaani spika ya sauti nzito. Sebule chache zinauruhusu, na hapo ndipo wauzaji walipokwama kwa miaka mingi.

Siku hizi wengi wanausikia muziki huu kwa hedifoni. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto, hupunguzwa na kichwa njiani, na umbo la sikio lenyewe huibadilisha kidogo. Programu huiga tofauti hizo, na ubongo hudhani sauti iko nje ya kichwa. Kwa kuwa masikio hayafanani, mmoja atajihisi yuko katikati ya bendi, mwingine atasikia wimbo uliopoa tu. Wakibishana, wote wawili wanasema kweli.

Dhana: Fedha itatoka kwa msikilizaji anayelipa zaidi.

Apple Music, huduma ya muziki mtandaoni, ilipoanza kutoa nyimbo za Dolby Atmos, mfumo wa siku hizi wa sauti ya mzunguko, mwaka 2021, haikuongeza ada. Tangu Januari 2024 inawapa wenye haki za muziki mgao ulioongezwa kwa hadi asilimia 10 kwa kazi zilizotayarishwa hivyo. Kichocheo kimewekwa upande wa watayarishaji. Wapo pia wakusanyaji wa diski za Blu-ray: ni wachache, lakini hununua upya albamu wanayoimiliki tayari, kwani diski hubeba sauti kamili ilhali mtandaoni Atmos hubanwa ili ipite.

Dhana: Wimbo wowote ukitawanywa pande zote unapendeza zaidi.

Hapana. Kazi nzuri huanzia kwenye kanda asili, ambako kila ala iko peke yake, na kanda za rekodi nyingi za zamani zimepotea au zimeharibika. Gita likirushwa nyuma ya msikilizaji bila sababu, anageuka kulitazama na wimbo unampita. Wahandisi wa rekodi za okestra mara nyingi huziachia chaneli za nyuma mwangwi wa ukumbi peke yake. Ukisikiliza huoni kama zinafanya lolote, mpaka uzizime: ukumbi wote unatoweka.