Kidaka kikianguka, msikimbilie kumshika kima punju

Wiki iliyopita nilikuwa barzani katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja, pembezoni mwa msitu wa Jozani. Mzee mmoja alikuja na pakacha, akalimimina mbele yangu. Vidaka kumi na viwili, nazi changa zilizoanguka kabla ya kukomaa. "Haya mwanangu, hii ndiyo kazi ya kima wenu. Minazi yangu inakufa na nyie mnawalinda."

Nimeyasikia maneno haya miaka yote niliyofanya kazi na wanyama hawa, na safari hii yameniuma kiasi cha kukaa chini niandike. Kima punju ana sumu, husemwa. Mti anaoukalia hufa, mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya, na nazi zinapungua kwa sababu yake. Jina lenyewe limeshamhukumu, maana punju ni sumu.

Kwanza, kima na kima punju ni wanyama wawili. Kima wa kawaida ana rangi ya kijivu, hujaza chakula mashavuni kisha akakimbia nacho, na hupenda matunda mabivu kama sisi. Punju ana mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zilizosimama utosini, na mkono usio na kidole gumba. Tumbo lake lina vyumba, na humo bakteria huchachusha majani polepole. Matunda mabivu yenye sukari nyingi humvuruga tumbo, kwa hiyo yeye hutafuta majani machanga na matunda mabichi. Ndizi mbivu zikiliwa usiku au mchana, kamtafuteni mwengine.

Jiografia nitaipita haraka. Zama za barafu bahari ilikuwa chini mno na Unguja ilishikana na bara. Maji yalipopanda, punju wakabaki huku, na leo hakuna pengine duniani wanapopatikana kwa asili. Pemba imetengwa na mkondo wa bahari wenye kina kirefu tangu zamani zaidi. Punju wa msitu wa Ngezi, huko Pemba, walipelekwa na watu miaka ya 1970. Hesabu iliyochapishwa 2017 ilipata zaidi ya 5,800 Unguja. Ni wengi kuliko tulivyodhani, lakini jumla yao haifiki watu wa mtaa mmoja wa mjini.

Magharibi ya Unguja kuna udongo mzito, na msitu wa huko ulishageuka mashamba siku nyingi. Kusini na mashariki ni maweni: mvua ya masika inanyesha asubuhi, jioni imeshazama kwenye jiwe. Msitu umebaki huko kwa sababu jembe halikuingia. Ndiyo maana punju na maskini wa ardhi wanapakana, na ugomvi wao hauishi.

Sasa hiyo "sumu". Wale wanaoishi mashambani hula majani ya mkungu na mwembe, ambayo yana protini nzuri lakini yamejaa kemikali za kusumbua tumbo. Dawa yao ni mkaa. Nimewaona wakiteremka kwenye tanuri lililokwisha kupoa, kila mmoja akachukua kipande, wakapanda kukitafuna juu ya tawi, midomo myeusi. Mkaa hunasa zile kemikali na kumwachia mnyama chakula chake. Mtoto hukaa kifuani mwa mama akiangalia, kisha hunyoosha mkono naye aonje. Mnyama anayejitibu sumu ya majani tumemfanya yeye ndiye mwenye sumu, na hili ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Tuje kwenye nazi, maana hapo kuna pesa ya watu na sitaki kuidharau. Ni kweli punju wanakula vidaka. Asiyekubali hilo hajakaa shambani. Lakini mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea. Hata pasipo punju, vingi huanguka kabla ya kuwa vitale, sembuse kufika dafu, koroma na nazi. Watafiti walipopima minazi ya jirani na Jozani miaka ya 1990, walikuta kuwa pale punju walipokula vidaka vingi zaidi, nazi zilizoanguliwa hazikupungua; zilizidi. Maelezo yao ni kwamba kuliwa kwa vidaka ni kama kupunguliwa: vinavyobaki kwenye kole, yaani shada la nazi, hupata chakula cha kutosha.

Nitasema jambo ambalo wenzangu hawapendi niliseme mbele ya wakulima. Mimi siko tayari kuapa kwamba punju ndiye aliyezidisha nazi. Huenda mnazi wenye afya na vidaka tele ndio unaomvuta punju, na nazi zingezidi tu hata asingekuja. Mambo mawili yakienda pamoja si lazima moja limezaa jengine. Ninachoweza kukisimamia ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: vipimo vile havikuonyesha hasara inayosemwa. Na mwenye minazi sita tu akipoteza kole moja, takwimu za shamba zima hazimpikii mchuzi.

Basi pale barzani nilimwomba mzee tuvigeuze vidaka vyake kimoja kimoja. Vitatu vilikuwa na alama za meno, mikwaruzo iliyokaa sambamba. Tisa havikuguswa na jino. Vitano kati ya hivyo vilikuwa na makovu ya kahawia karibu na kikonyo, na utomvu ulioganda juu yake. Hiyo ni kazi ya kunguni wa minazi, mdudu mdogo anayefyonza kidaka kikiwa kichanga mpaka kinaachia. Adui yake anajulikana tangu utafiti uliofanywa hapa hapa Zanzibar miaka ya 1950: ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mnazi wenye maji moto wengi hupoteza vidaka vichache kwa kunguni. Vinne vilivyobaki havikuwa na alama yoyote, na kaskazi ya mwaka huu ilikuwa kavu kweli.

"Minazi yako ina maji moto, babu?" nikamuuliza.

"Ilikuwa nao. Mkwezi alikataa kupanda, wanamng'ata. Akavichoma viota vyote."

"Lini?"

Mzee alikiokota kidaka chenye kovu, akalikwangua kwa ukucha mpaka utomvu ukabanduka. Kisha akamwita mjukuu wake, akamtuma kwa mkwezi akaulize ilikuwa mwezi gani.