Mizinga ya kutungulia ndege kwenye michezo ya urubani: kosa liko kwenye kulenga

Wachezaji wa War Thunder, IL-2 na DCS World, michezo ya kompyuta ya kurusha ndege za kivita, hulalamika mara kwa mara kwamba mizinga ya kutungulia ndege ina nguvu kupita kiasi. Mimi naona nguvu ya kombora, yaani risasi kubwa ya mzinga inayopasuka angani, haina shida. Shida ni namna kompyuta inavyolenga.

Chukua Flak 36, mzinga wa Wajerumani wa milimita 88 wa Vita vya Pili vya Dunia. Kombora hutoka mtutuni kwa karibu mita 820 kwa sekunde, hewa inalipunguza kasi, na kufika mita 6,000 angani huchukua zaidi ya sekunde 10. B-17, ndege ya Marekani ya kuangusha mabomu, ikienda kilomita 290 kwa saa hupita mita 80 kila sekunde, kwa hiyo mpigaji hulenga zaidi ya mita 800 mbele yake. Fyuzi ya muda, kifaa kinacholipasua kombora baada ya sekunde zilizopangwa, hutegwa kabla ya kombora kuingia mtutuni. Likishatoka, hakuna wa kulirekebisha.

Kompyuta ya mchezo hujua umbali, kasi na mwinuko wako bila kukosea, kisha hutawanya makombora kibahati kuzunguka shabaha sahihi. Binadamu hakosei hivyo. Akikadiria umbali vibaya, betri nzima, yaani kundi la mizinga inayopiga pamoja, hupasua makombora upande mmoja, hadi arekebishe. Kosa la aina hiyo ndilo linalompa rubani nafasi ya kukwepa, na ndilo ningependa watengenezaji waliingize.

Kupima ni rahisi. Washa rekodi, ruka moja kwa moja kwenye mita 3,000 juu ya mizinga mizito, kisha kata kona kali. Mipasuko ya sekunde chache zinazofuata inapaswa kutokea kwenye njia uliyoiacha. Ikikufuata papo hapo, hakuna kombora linalosafiri. Mchezo unakupangia madhara tu.

Mizinga midogo ina kipimo chake. Magazini (kasha la risasi) ya Flak 38, mzinga mdogo wa Wajerumani wa milimita 20, hubeba risasi 20, na kwa risasi 450 kwa dakika huisha ndani ya sekunde 3. Ikimwaga moto bila kituo, hiyo si Flak 38.

Dhidi ya mizito, badili mwelekeo na mwinuko pamoja, kwa vipindi visivyolingana. Dhidi ya midogo, pita ubavuni kwa kasi: ukiielekea moja kwa moja, mpigaji hahitaji tena kulenga mbele yako. Ukishaangusha bomu usipande juu, maana kasi inakufa na tumbo la ndege linabaki wazi. Baki chini hadi utoke nje ya masafa ya mizinga.