Besi ya Mlimani Haikabwi Kooni

Wiki iliyopita kaja wa tano tangu mwaka uanze. Kijana wa miaka 19, "Shikamoo mwalimu," na kabla sijamaliza marahaba simu ishatoka mfukoni. Nikajua kilichomleta: ule wimbo wa vibete wanaoukumbuka mlima wao, wa kwenye filamu ya The Hobbit, safari hii umeimbwa na mmoja wa wale Wamarekani wa besi nzito wanaojirekodi sauti zote peke yao na kuzipandanisha. "Mwalimu, mimi nataka kufika hapa." Akabana kidevu kifuani, akakisukuma kikoromeo chini, akatoa mlio kama bawaba ya lango lililokosa mafuta. Kisha akaniangalia akisubiri pongezi.

Nafundisha sauti ya nne, yaani besi, na siku hizi nusu ya somo huishia kufuta yale ambayo vijana wamekuja nayo. Nimechoka kuyarudia kwa mmoja mmoja, kwa hiyo nayaandika.

Linalonikera kuliko yote ni hili: kwamba kadiri noti inavyokuwa chini, ndivyo inavyogusa moyo. Kwamba anayeimba nyimbo za aina hii, za milima, mazimwi na falme zilizopotea, anaingia kwenye mashindano ya kuchimba kisima, na mwenye kisima kirefu ndiye aliyewaliza watu.

Kama ingekuwa hivyo, bingwa wa kuliza watu duniani angekuwa Tim Storms wa Marekani. Rekodi ya Guinness ya noti ya chini kabisa iliyowahi kutolewa na binadamu ni yake, ya mwaka 2012: mitetemo 0.189 kwa sekunde. Fanya hesabu. Mtetemo mmoja tu unachukua zaidi ya sekunde tano. Sikio la mtu linaanza kusikia kwenye mitetemo 20 hivi kwa sekunde, na hata tembo, ambaye anasikia chini kuliko sisi, hapo haambulii kitu. Noti ile imepimwa na mashine, haijasikiwa na mtu. Mimi namheshimu Storms, ana besi halisi nzuri sana. Lakini hakuna aliyetoa leso kwa ajili ya noti ile.

Sasa turudi kwenye wimbo wenyewe, ule wa filamu ya mwaka 2012, kabla watu hawajaanza kuushusha. Maneno yake yametoka kwenye kitabu cha mwandishi Mwingereza Tolkien cha mwaka 1937, na melodia ya filamu ilitungwa na kundi la New Zealand liitwalo Plan 9. Anayeuanzisha ni Richard Armitage, mwigizaji, na sauti yake ni baritoni, sauti ya kiume ya kati, juu kidogo ya besi. Sikiliza vizuri: unaanza na mvumo, midomo imefumbwa. Kisha sauti moja, polepole, isiyo na haraka wala mbwembwe. Kisha wengine wanaingia noti ileile, si kwa kupambana bali kama watu waliokaa kuzunguka moto na kila mmoja ana msiba uleule. Hakuna noti ya ajabu pale. Besi yoyote wa kwaya ya parokia angeuimba bila kutoka jasho. Na bado ndio uliowafanya vijana wangu waje na simu.

Kingine ambacho hawakijui, na hiki huwaduwaza. Huwa namuuliza kijana: umeusikia kwa spika gani? "Hii hii ya simu." Basi hiyo noti unayoiabudu hujaisikia. C iliyo oktava mbili (oktava moja ni kutoka do hadi do inayofuata) chini ya C ya katikati ya piano ina mitetemo 65 kwa sekunde. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya 200. Kilichokufikia ni hamoniki zake, yaani sauti nyembamba za juu zinazozaliwa pamoja na noti: 260, 325, 390 na kuendelea. Ubongo unaona zote zinapishana kwa 65, unakamilisha wenyewe kilichokosekana. Unasikia besi ambayo spika haikuitoa.

Maana yake kwa mwimbaji ni kubwa. Hamoniki ndizo zinazoibeba besi hadi kwa msikilizaji, na ukikaba koo unaziua. Ukikisukuma kikoromeo chini kwa nguvu, ulimi unarudi nyuma, sauti inazibwa kama mtu anayeongea na uji mdomoni. Umeshuka noti mbili, umepoteza kila kitu kilichoifanya noti ile isikike. Nyuzi za sauti nazo zinataka kulegea ili zitetemeke taratibu. Mtu anayekaza shingo ndiye anayejizuia kushuka. Nasema hivi kila Jumamosi. Kila Jumamosi kuna shingo imetoka mishipa.

Ukitaka ushahidi wa zamani kuliko filamu, nenda kwa Warusi. Mwaka 1915 mtunzi wao Rachmaninoff alitoa Mkesha wake wa Usiku Kucha, kazi ya kwaya tupu isiyo na ala. Mwisho wa sehemu ya tano, sauti ya nne inashuka ngazi kwa ngazi hadi B flati ya chini, mitetemo 58 kwa sekunde. Danilin aliyeiongoza aliuliza watawapata wapi watu wa kufika huko. Walipatikana, maana Warusi wana kawaida ya kuwatunza waimbaji wa besi za namna hiyo kwenye kwaya za kanisa. Lakini tazama alivyoandika Rachmaninoff: noti hiyo iimbwe kwa sauti ndogo kabisa. Aliyekuwa na besi nzito kuliko zote mkononi aliziambia zinong'one.

Na kwa hapa Afrika, hatuna haja ya kwenda Moscow. Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini, sehemu kubwa ya kundi ni besi, na mtindo wao unaitwa isicathamiya, kutoka neno la Kizulu la kunyata. Ukuta wa besi unaonyata. Ninapotaka kumponya kijana na ugonjwa wa kisima, simpi Wamarekani, nampa hao, mwezi mzima.

Mengine nayapitia harakaharaka.

"Besi nzito ni sauti ya kutisha." Hii naielewa inapotoka. Ngano zetu zimetulea hivyo: zimwi linakuja mlangoni, linaimba wimbo wa mama, watoto wanalitambua kwa uzito wa sauti, nalo linakwenda kwa fundi kulainishiwa koo. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kunikataza kabisa kuimbisha wimbo wa aina hii, akisema ni sauti za kuzimu. Nikamwomba asikilize zaburi ya maombolezo tunayoimba Ijumaa Kuu, sauti ya nne peke yake. Akanyamaza, ingawa sikumbuki kama aliniruhusu. Ukweli ni kwamba kinachotisha si uzito peke yake. Uzito ukiambatana na kelele na mkwaruzo, mwili unasikia mnyama mkubwa aliye karibu. Uzito uleule ukiwa laini na umetulia, unasikia mtu mzima anayehuzunika bila kujificha. Waimbaji wazuri wa nyimbo hizi huzitumia zote mbili, zimwi ubeti huu, yatima ubeti ujao, na wanajua wapi pa kugeuka. Wanafunzi wangu wanataka kuwa zimwi tangu mwanzo hadi mwisho.

"Ni kompyuta tu, hakuna mtu anayeimba hivyo." Wapo. Geoff Castellucci wa kundi la VoicePlay la Florida huimba hivyo jukwaani pamoja na wenzake. Ila studio inasaidia, tusidanganyane. Maiki nyingi za kuimbia, ukizisogelea karibu na mdomo, zinaongeza besi zenyewe. Ongeza mwangwi wa pango, ongeza sauti moja iliyorekodiwa mara nane. Usijipime nayo ukiwa bafuni.

"Sigara inatengeneza besi." Inashusha sauti kweli. Inavimbisha nyuzi za sauti, zinakuwa nzito, zinatetemeka taratibu. Hata mafua hufanya hivyo, na hata usingizi: ukiamka asubuhi nyuzi zina uvimbe kidogo, ndiyo maana saa kumi na mbili kila mwanaume ni besi na saa nne amerudi tena. Tofauti ni kwamba uvimbe wa asubuhi unaondoka. Anayenijia na harufu ya sigara akiniambia anafanya mazoezi, namrudisha nyumbani.

"Mwalimu mzuri anaweza kumfanya mtu yeyote besi." Hapana. Urefu na unene wa nyuzi zako uliamuliwa ulipobalehe. Mazoezi yanakupa noti chache za ziada na, muhimu zaidi, yanazifanya zile ulizonazo ziwe na mwili. Tena sauti ya mwanaume huendelea kutulia hadi miaka ya ishirini na kitu. Wa miaka 19 ana haraka ya nini?

Na ule mkwaruzo wa chini kabisa, wanaouita besi? Mara nyingi si kuimba kwa kawaida. Wapo wanaoziachia nyuzi zikwaruze zikiwa zimelegea, na wapo wanaotumia njia ya Watuva wa Siberia, iitwayo kargyraa, ambapo mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti nayo inatetemeka kwa nusu ya kasi, msikilizaji akasikia oktava chini. Ni ufundi halali na mzuri. Jifunze kwa anayeujua, si kwa video ya dakika tatu, na si kwangu, maana mimi sifundishi hilo.

Yule kijana nilimwekea kidole chini ya kidevu, nikamwambia ashushe mabega, afumbe mdomo, avumishe melodia ileile noti nne juu ya alikotaka kufika. Mara ya kwanza akacheka. Mara ya tatu wenzake watatu waliokuwa wanangoja zamu kwenye benchi wakaanza kumfuata bila kuambiwa, noti ileile, na bati la darasa likaitikia. Hakuna aliyeniuliza ilikuwa noti gani.