Elfu themanini ya kukaza skrubu

Nimeulizwa tena Jumamosi hii. Kijana mwenye studio ya video za harusi kule Nyakato, hapa hapa Mwanza, kanunua vifaa vya kompyuta yake Kariakoo, vimekuja na basi, kayapanga maboksi mezani kwangu, halafu akauliza hela ya ufundi wa kuifunga. Elfu themanini. Akacheka kwanza. "Kaka, elfu themanini ya kukaza skrubu? YouTube wanafunga kwa dakika ishirini."

Haya, kukaza skrubu ni bure. Njoo na bisibisi yako, ukae hapo kwenye kigoda, nitakuelekeza na soda nitakununulia. Ila ukishamaliza, usinipigie simu.

Madogo nayapitia haraka. Ramu mbili, vile vijiti vya kumbukumbu, kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenye matundu manne kwa kawaida zinakaa la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, si mbili za mwanzo. Ramu iliyoandikwa kasi ya 3200 inaweza kukimbia 2133 au 2400 maisha yake yote kama hujaingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya kabla ya Windows, kuwasha XMP inayoipa kasi yake kamili, na hakuna atakayekwambia. Waya wa skrini unachomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye madabodi. Nimeshapanda bodaboda mpaka Buswelu kwenda kuuhamisha waya huo mmoja tu. Waya za pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, ya kampuni moja usizihamishie kwenye ya kampuni nyingine. Zinaingia vizuri sana, kisha zinaua diski.

Halafu kuna hili la "si imewaka?" Imewaka, ndiyo. Hata gari bovu linawaka. Kompyuta nikishaifunga inalala kwangu: Memtest86, programu ya kupima ramu, usiku kucha, asubuhi naipa prosesa na kadi ya picha mzigo kwa pamoja huku nikiangalia joto. Niliwahi kupata ramu mpya ya boksi iliyopita salama saa tatu nzima, ya nne ikaanza kumwaga makosa. Mwenye mashine angeona nini? Windows inaanguka mara moja kwa wiki, katikati ya kutoa video ya harusi ya watu, na angesema fundi kaharibu. Elfu themanini ni ya usiku huo, na ya mimi kubishana na muuza ramu badala yako.

Pawa saplai, kifaa ambacho kila mtu anabania. Kwenye kibandiko wameandika 500W kwa herufi kubwa. Shuka chini, tafuta mstari wa volti 12: ampea 18. Zidisha mwenyewe, ni wati 216. Prosesa na kadi ya picha zinakula hapo hapo kwenye volti 12, kwa hiyo wati zilizobaki wamekuandikia upambe ukuta. Na ukiona nyuma kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230, usikiguse. Ukikipeleka 115 kwa umeme wetu utasikia mlio, na kaunta nzima itasikia.

Sasa lile linalonichefua. "Fundi, kompyuta uliyonifungia inapiga shoti."

Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele za umeme. Moja inatoka kwenye laini, waya wenye moto, kwenda kwenye bati la kasha, nyingine inatoka kwenye nyutro kwenda kwenye bati hilo hilo. Bati likiwa na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, kinachovuja kinaenda zake ardhini na huwezi hata kuhisi. Lisipokuwa na ethi linabaki likining'inia katikati ya 230 na sifuri, yaani karibu volti 115. Mkondo wenyewe ni mdogo, kwa kawaida chini ya miliampea moja, ndiyo maana unasisimka badala ya kuanguka. Na pawa saplai yenye heshima ndiyo inayofanya hivyo, kwa sababu zile za bei chee mara nyingi wameziruka hizo kapasita ili kupunguza gharama. Basi mteja anasimama mbele yangu ananiambia ile yake ya zamani ya elfu thelathini haikuwa inapiga. Ndiyo, mzee wangu. Haikuwa na cha kupigia.

Kosa liko ukutani kwako. Na hapa kwetu, hata mwenye nyumba simlaumu sana. Mwanza ni mji wa mawe. Ethi ni fimbo inayotakiwa kuzama kwenye udongo wenye unyevu. Wewe uko Igogo au Bugarika, umejenga juu ya mwamba, unaipigilia wapi? Nimeona fimbo iliyokatwa ikabaki futi mbili, ikafukiwa kwenye ndoo ya maua. Nimefungua ekstensheni yenye matundu matatu nikakuta waya mbili. Na tundu la juu la soketi, jamani, lile mnalochomeka peni ili chaja ya pini mbili iingie, ndilo la ethi. Kusisimka kwa vidole ni taarifa tu. Siku waya wa laini utakapogusa bati kwelikweli, bila ethi breka haikati. Itamsubiri mtu aliyevua viatu.

Mengine sina uhakika nayo. Vitabu vinasema fundi avae kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli. Mimi sivai. Hewa ya ziwani ina unyevu, na sijawahi kuona ramu ikifia mkononi mwangu. Lakini umeme tuli unaweza kukijeruhi kifaa leo kikafa baada ya miezi, kwa hiyo zile mbili tatu zilizokufa bila sababu, ambazo nilisingizia umeme wa mtaani, huenda zilikufa kwa vidole hivi hivi. UPS za bei nafuu pia, zile betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika: nimeziona zikielewana na pawa saplai nzuri, nimeziona zikizima kila umeme unapokatika, na siku hizi najaribu moja moja kabla ya kumwambia mtu anunue.

Na wenye gemu wa Nyegezi na Capri Point mnaotaka kasha la kioo lenye taa za rangi: wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi wanafuata taa. Kuna feni nimeifungua nikatoa unga wa wadudu wa kutosha kulisha kuku. Hela ya kusafisha haimo kwenye elfu themanini.

Kijana wa Nyakato mwishowe alilipa nusu, akasema nyingine akiiona inafanya kazi. Sawa. Leo nimefungua maboksi yake. Prosesa nzuri, kadi ya picha nzuri kuliko ninayotumia mimi. Pawa saplai nimeinyanyua kwa vidole viwili, nikaigeuza nyuma. Kiswichi chekundu.

Nimempigia, hapokei. Nadhani yuko harusini.